Sura ya Nne: Upande wa Viti Viwili

"Afande, damu hii hapa, tochi iliokotwa pale mlangoni, na mwenye tochi yuko mahabusu. Sasa tunatafuta nini tena kwenye baridi hii?"

Sajini Mike Dombek alikuwa amejikunyata kwenye mlango wa mbele wa ndege, mikono kwapani, pua imemwiva kama nyanya. Inspekta Verna Tolliver alikuwa amechuchumaa kwenye njia ya katikati, safu ya kumi, karibu na doa lililokwisha kuwa jeusi. Hakuwa akitazama damu. Damu alikwisha itazama jana mpaka usiku akaiota. Leo alikuwa akitazama viti.

Hapo kwenye doa ndipo alipookotwa Ed Marchetti, mlinzi wa maegesho ya ndege zilizostaafishwa, mzee wa miaka sitini na ushei. Alikuwa chali, kichwa kimeelekea mkiani mwa ndege na miguu kuelekea mbele, kola ya koti imechanika, kisogo kimepasukia kwenye chuma cha kiti. Ngazi ya mkiani ilikuwa imeshushwa. Tangu jana Ed alikuwa hospitali, hajafumbua jicho. Na saa nane mchana wa leo Gus Halupka, fundi wa ndege, angesimamishwa mbele ya hakimu. Ed akipona, ni kesi ya kujeruhi. Ed akifa, Gus angezeekea jela, na Tolliver hakuwa na uhakika hata kidogo kwamba ni yeye.

Dombek uhakika alikuwa nao, tena wa kugawia watu. Tochi ilikuwa na jina la Gus. Kwenye droo ya jiko la ndege zilikutwa chupa ndogondogo za vodka, tupu, na hapakuwa na mtu katika uwanja mzima wa ndege wa Pittsburgh asiyejua kwamba zamani Gus alikuwa mlevi wa kupindukia. Juu ya hayo, siku shirika la Finch lilipofungwa, Gus aliapa mbele ya mafundi wenzake kwamba atakayezigusa ndege zake za rangi ya chungwa atamvunja shingo.

Finch yenyewe ilikuwa kichekesho kilichokosa wa kucheka. Castleman, shirika kongwe la ndege, lilipoona abiria wake wanakimbilia mashirika ya bei poa, lilisema dawa ya moto ni moto. Likachukua ndege zake zilezile, likazipaka rangi ya chungwa, likazichora ndege mdogo ubavuni, likaziita Finch, jina la kindege hicho kwa Kiingereza. Marubani walewale wakavuliwa tai wakavishwa fulana, wakaambiwa waitane kwa majina ya kwanza na watabasamu. Ajuza alivaa sketi ya mjukuu akaingia dansini. Miaka miwili haikutimia viuno vikamshinda, na wiki mbili zilizopita Finch ikazikwa. Ndege zilizobaki zikasukumwa huku nyuma ya hanga, banda la kutengenezea ndege, kungojea kupakwa tena rangi ya bluu ya mama yao.

"Mike, njoo utazame mikanda."

"Mikanda gani?"

"Ya viti. Toka hapo mlangoni, hakuna atakayekuibia mlango."

Dombek alikuja akinung'unika. Alitazama, akainua mabega. Mikanda ni mikanda.

"Huku kulia, kwenye viti vitatu vitatu, mikanda inaning'inia ovyo," Tolliver alisema. "Nyuma yetu, kuanzia hii safu ya kumi mpaka mkiani, inaning'inia pande zote mbili. Lakini kushoto, kwenye viti viwili viwili, kuanzia safu ya kwanza mpaka ya tisa, kila mkanda umekunjwa msalaba juu ya kiti. Unaona? Utepe juu ya utepe, kifungo cha chuma kimelala juu."

"Wasafishaji hao."

"Wasafishaji wasafishe upande mmoja waache mwingine?"

"Afande, mimi nimeoa Mpolandi, sishangai tena mtu akiacha kazi nusu."

"Mama mkwe wako akikusikia utalala garini."

Alitoa simu akampigia msimamizi wa vibarua waliokuja kubadilisha vitambaa vya viti. Walikuwa wamemaliza juzi mchana, saa chache kabla Ed hajapigwa. Tolliver alimuuliza waliiachaje mikanda. Yule bwana alicheka upande wa pili.

"Mikanda? Tuliitupa tu, mama. Sisi tunavalisha viti, hatutandiki vitanda."

Alikata simu. Baina ya vibarua kuondoka na Ed kuanguka, mtu alikuwa amepita humu akikunja mikanda, safu kwa safu, hadi pale damu ilipoanza. Alama za vidole zisingesaidia kitu. Ndege hiyo ilikuwa imebeba nusu ya watu wa Pennsylvania, na wafanyakazi wote waliokuwa Finch wameshavishika vifungo hivyo. Mashine ya kadi kwenye lango la maegesho nayo ilikuwa mbovu tangu Krismasi. Yeyote mwenye miguu angeweza kuingia.

"Labda Gus ndiye aliyekunja," Dombek alisema, ila sasa sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Tukamuulize."

*

Kituo cha polisi cha uwanja kilikuwa na benchi moja, na Patty Halupka alikuwa amelikalia tangu alfajiri. Mapajani alishika shati jeupe la mumewe lililopigwa pasi, la kuvaa mahakamani, na pembeni sandwichi iliyoshindiliwa chipsi na kabichi ambayo hakuna aliyemruhusu kuiingiza. Tolliver alitaka kupita bila kumtazama. Hakuweza.

"Inspekta, Gus hajagusa pombe tangu binti yetu azaliwe," Patty alisema. "Binti yetu yuko darasa la tano."

"Najua, dada. Nipe hiyo sandwichi nimpelekee."

Gus alikuwa bonge la mtu, mikono imejaa makovu ya vyuma, na ndani ya chumba kile kidogo alionekana kama kabati lililokosa pa kuwekwa. Sandwichi aliishika tu.

"Niambie tena uliingia kufanya nini."

"Nimeshasema. Kile kibao cha ndege mdogo, pale mlangoni. Nilikwenda kukifungua skrubu nikibebe nyumbani. Ni wizi, sawa, nifungeni kwa kibao. Zile ndege nimezihudumia mimi, mama. Nikasikia gari, nikadhani ni mkuu wa hanga, nikatoka mbio nikasahau tochi."

"Uliingia ndani kabisa?"

"Ningeingia kufanya nini?"

"Kukunja mikanda."

Gus alimtazama kana kwamba ameambiwa alikwenda kunyonyesha.

"Mimi fundi. Fundi wa Castleman hagusi kiti. Ukiokota hata karatasi ya chingamu, wasafishaji wanakushtaki kwenye chama cha wafanyakazi kwamba umewaibia kazi. Mwaka gani ule nilizoa kahawa iliyomwagika, nikaitwa kwenye kikao. Kwa ajili ya kahawa!"

"Na Finch?"

"Finch walisafisha wenyewe wanaoruka nayo. Sisi mafundi tulibaki chini, tunawacheka kupitia madirishani." Akaigeuza sandwichi mkononi, akauliza polepole, "Ed vipi?"

Tolliver alikuwa amepigiwa simu na hospitali dakika chache zilizopita. Presha ya Ed ilikuwa inashuka. Alisema bado anapigana, akatoka haraka kabla macho ya Gus hayajamuuliza zaidi. Nje, Dombek alimwonyesha saa ya ukutani. Ilikuwa inakaribia saa saba.

*

Corinne Babiak alikuwa mhudumu wa ndege, Finch tangu ilipoanza mpaka ilipokufa. Sasa amerudishwa Castleman, mwisho kabisa wa foleni ya ukongwe kazini, akingoja kuitwa kuziba pengo la mtu aliyeumwa. Walimkuta kwenye chumba cha mapumziko cha wahudumu, amebanwa na koti la bluu lenye vifungo vya dhahabu, anakula supu ya kopo. Wakongwe walikuwa wamekalia makochi yote. Yeye alikuwa amekaa juu ya sanduku lake.

"Karibu ukae, dada, kama utapata pa kukaa," alimwambia Tolliver. "Hapa hata kiti kina ukongwe wake."

Tolliver alimwonyesha picha alizopiga kwenye ndege. Corinne alitazama, akaacha kutafuna.

"Hiyo ni yetu. Ni Finch hiyo. Nani kaifanya?"

"Ndiyo nakuuliza."

"Ndege ikitua tulikuwa na nusu saa tu ya kuigeuza, washuke watu, isafishwe, wapande watu. Hatukuwa na wasafishaji, ndiyo siri ya bei poa. Basi sote tunasafisha. Sisi wahudumu tunaanzia mkiani, tunakuja nyuma ya abiria wa mwisho, takataka mfukoni, mikanda msalaba, mbio mbio. Mpaka leo nikikaa kwenye gari la mama yangu, nikishuka nakunja mkanda. Mama anasema nimerogwa."

Dombek alikuwa ameanza kuandika kwa furaha. "Kwa hiyo ni mhudumu. Ni mmoja wenu."

"We bwana, umesikiliza lakini?" Corinne alimgeukia. "Nimesema tunaanzia wapi?"

"Mkiani."

"Na hii imeanzia wapi?"

Tolliver alikuwa ameshaliona. Mikanda ile ilianzia safu ya kwanza, ikaelekea nyuma. Mtu huyo hakuwa ametoka mkiani. Ed ndiye aliyepanda kwa ngazi ya mkiani, akaja mbele kutazama nani yumo, wakakutana safu ya kumi.

"Nani alikuwa anaanzia mbele?" aliuliza.

"Marubani. Wanatoka kwenye chumba chao wanakuja kutulaki, tunakutana katikati. Mwanzoni walinuna, weee! Mtu ana mistari minne begani anaokota nepi! Lakini waliisafisha."

"Wote wawili? Mmoja kila upande?"

"Mmoja kila upande. Kapteni kushoto, msaidizi wake kulia." Corinne alicheka kidogo kwa mara ya kwanza. "Si unaona viti? Kushoto viwili, kulia vitatu. Kwa watu hawa hata takataka inagawanywa kwa ukongwe. Mkubwa anachukua upande wa viti viwili."

Hapo kicheko chake kikakatika, maana na yeye alikuwa amefika alipofika Tolliver. Akaweka kopo la supu chini.

"Makapteni wa Finch waliobaki Pittsburgh ni wangapi?" Tolliver aliuliza.

"Wengine wamehamishwa wote. Amebaki Delacroix, na yeye kapasuliwa goti, anatembelea magongo tangu mwezi uliopita. Na Strand. Walter Strand." Corinne alishusha sauti, akatazama makochi. "Siku hizi hatusalimii. Tangu arudi kwenye koti la bluu anawaambia watu Finch ilikuwa aibu ya wengine, yeye alikuwa anaendesha tu. Eti hakuwahi kuinama."

"Alikuwa anakunywa?"

Macho ya Corinne yalikuwa yamejaa machozi, na alikasirika kwamba yamejaa.

"Alikuwa anatafuna peremende za mnanaa," alisema. "Nyingi. Mkewe alipoondoka ndiyo zikazidi. Nilijiambia si kazi yangu. Yuko wapi leo?"

Dombek alikuwa ameshafika kwenye skrini ya safari ukutani. Alirudi rangi imemtoka.

"Anaruka kwenda Phoenix. Lango la mwisho kabisa. Watu mia na arobaini, afande, na wako karibu kuanza kupanda."

*

Walikimbia. Uwanja wa Pittsburgh si wa kukimbiwa na mwanamke mwenye magoti ya Verna Tolliver, lakini alikimbia, akipiga simu kwa mwendesha mashtaka ambaye hakupokea, akamwachia ujumbe kwamba asimfikishe Gus kwa hakimu bado. Ushahidi alionao ni nini? Mikanda. Akienda kumkamata kapteni wa Castleman mbele ya abiria wake kwa sababu ya mikanda, na akawa amekosea, Gus angekuwa ameishiwa mtetezi, na yeye Tolliver angemaliza utumishi wake akiandikia watu faini za maegesho. Akimwacha aruke na asiwe amekosea, hilo hakutaka hata kulifikiria. Theluji ilikuwa ikianguka nje ya vioo, na gari la kunyunyizia dawa ya barafu lilikuwa limekwisha anza kuliosha bawa.

Langoni alimwagiza Dombek asimruhusu abiria yeyote kupita, aseme choo kimeziba, aseme lolote. Yeye akaingia.

Ndege ilikuwa ya bluu inayong'aa, lakini pembeni mwa mlango, pale brashi isipofika, rangi ya chungwa ilikuwa ikichungulia. Kapteni Walter Strand alikuwa amesimama jikoni akijimiminia kahawa. Mrefu, mvi zimechanwa vizuri, sura ambayo abiria huiona wakalala usingizi kabla ndege haijaruka. Tolliver alijitambulisha. Strand alitabasamu kwa adabu.

"Kuhusu yule mlinzi? Jambo baya sana. Nilisikia mmemkamata mtu."

"Tumemkamata. Ni maswali mawili tu ya kufungia faili, Kapteni. Naomba nikae, magoti yangu yameshastaafu bila kuniaga."

Alikaa kulia, safu ya tatu, kiti cha kando ya njia. Strand alitazama saa yake, akakaa ng'ambo ya njia, kushoto, akiutoa mkanda chini yake na kuutupa pembeni. Peremende iligonga meno yake.

"Mara ya mwisho kuingia kwenye ndege ya Finch?"

"Siku ya safari ya mwisho. Sikugeuka nyuma."

"Nauliza kwa sababu ndani tumekuta pamesafishwa kidogo. Nimeambiwa Finch hata marubani walisafisha."

Strand alicheka. Kilikuwa kicheko kizuri, cha mtu aliyezoea kucheka kwenye kipaza sauti.

"Vijana labda. Mimi nina miaka ishirini na sita hewani, Inspekta. Kuna makapteni waliojidhalilisha kuokota takataka ili waonekane wenzetu wa fulana. Mimi sikuinama hata siku moja. Muulize yeyote."

"Hata kukunja mkanda?"

"Hata kujua unakunjwaje."

"Basi nimekwisha. Samahani kwa kukuchelewesha." Tolliver alifunga kijitabu chake, lakini hakusimama. "Phoenix kuna joto sasa, nasikia."

"Wanangoja watu wangu," Strand alisema, akasimama.

Mazoea yana taabu. Kapteni aliinuka macho yakiwa mlangoni, akili yake ikiwa Phoenix, na nyuma yake mikono yake ikashuka yenyewe kwenye kiti alichotoka. Utepe wa kushoto, juu yake wa kulia, kifungo juu, na kofi dogo la kukilaza. Kisha ikahamia kiti cha dirishani, kikafanywa vilevile. Kisha akapiga hatua moja kuelekea nyuma ya ndege, safu ya nne, mkono umeshanyooshwa.

Hapo ndipo alipoiona mikono yake.

Tolliver hakusogea. Alimwonea huruma mtu huyu, jambo ambalo halikumpendeza.

"Kushoto," alisema. "Upande wa viti viwili. Kuanzia mbele."

Strand alibaki ameinama nusu, kama mtu aliyeumwa kiuno. Nje maji ya dawa yalikuwa yakipiga bawa. Alipofungua mdomo, sauti ya kipaza sauti ilikuwa imemwacha.

"Nilikuwa nakaa tu kwenye kiti changu mle. Kimya. Hakuna anayekuja mle. Nilipotoka, sijui... nilianza kusafisha. Nilikuwa nimekunywa, nikaanza kusafisha kama kuna watu wanangoja kupanda." Alimeza. "Akatokea nyuma na taa. Akasema, Walter, safari hii nakusema kwa wakubwa. Nilimshika tu nimwombe. Nilimsukuma mara moja."

"Na leo, umekunywa?"

Strand alivua kofia yake, akaiweka juu ya kiti, juu ya mikanda aliyoikunja. Tolliver aliinuka, akamshika mkono juu ya kiwiko, kwa upole kuliko alivyokusudia. Kupitia mlangoni walisikia abiria langoni wakimzomea Dombek, mtoto analia, mtu anauliza choo gani hicho kinachozibuliwa na polisi.

"Yule mzee," Strand alisema. "Ameamka?"

"Bado."

Simu ya Tolliver ililia. Ilikuwa namba ya mwendesha mashtaka. Aliipokea kwa mkono mmoja, wa pili haukumwachia kapteni.

"Aliyemsukuma Ed ninaye hapa. Mwambie Patty Halupka lile shati la mahakamani halina kazi leo," alisema. "Amrudishe Gus nyumbani na fulana yake aliyokamatwa nayo."